Damu ya Mzee kwa Mama Mkwe

Kuna ushonaji ambao unakata kitambaa kizima kabisa bila kujua unashona nini. Sitanii. Ni mchezo wa washonaji wa Marekani. Kinachoshonwa ni mfarishi, lile shuka nene la viraka lenye tabaka tatu: juu viraka, katikati kitu cha kutia joto, chini kitambaa kimoja, halafu vyote vinapigwa uzi pamoja. Sasa katika mchezo huu picha ya mfarishi wenyewe huonyeshwi. Unapewa maelekezo kwa mafungu. Leo kata vipande hivi, wiki ijayo viunganishe, wiki inayofuata kata tena ulichounganisha (naam, mshono wako mwenyewe, kwa mkono wako mwenyewe), na picha unakuja kuiona mwisho, hela imeshaondoka na mkasi umeshapita.

Aliyetuingiza kwenye mambo haya ni jirani yangu hapa Soweto, Moshi, mwalimu mstaafu mwenye rafiki yake huko Marekani. Tulikuwa kina mama wachache barazani kwake. Anatugawia bahasha zimebandikwa gundi, na ukimuuliza, "Mwalimu, hiki kitakuwa nini?" anakujibu kwa sauti ile ile ya darasani, "Mtihani haufunguliwi kabla ya saa."

Mimi wangu niliupangia mama mkwe. Yeye anakaa Kibosho juu, kule ambako mwezi wa saba ukitoka nje asubuhi unaiona pumzi yako. Na mwaka huo alikuwa amewekewa meno mapya ya juu, yale ya kuvaa na kuvua. Ukoo mzima tulishaonywa na mume wangu: hakuna kuyatazama, hakuna kuyataja. Usiku yanalala kwenye glasi ya maji juu ya kabati. Nikasema acha nimfariji mama wa watu na zawadi ya Krismasi.

Bahasha ya kwanza haikuwa na kukata wala kushona. Ilikuwa ya rangi tu, na ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Vitambaa vinne vya pamba tupu, vimepewa herufi. A, kilichopauka, cha kuwa nyuma ya vyote. B, kilichokoza. C, cha wastani. D, kidogo tu, cha kukonyeza. Rangi gani? Haisemi. Kijani, bluu, rangi ya ugoro, shauri yako. Mwalimu akatufafanulia kwamba mfarishi haujali rangi inaitwaje, unajali imekoza kiasi gani. Nyekundu ya nyanya na kijani cha jani la mgomba sisi tunaziona ni mbingu na ardhi. Zipige picha ya simu isiyo na rangi uone, zote kijivu kimoja. Ukizishona pamoja, umbo ulilolihangaikia linameza maji na kuzama. Kwa hiyo kabla ya kununua piga picha nyeusi na nyeupe, au simama mbali, fumba macho nusu, utazame. Hicho cha kufumba macho kikumbuke.

Pia ilikatazwa kununua kitambaa chenye mistari, picha kubwa, au chochote chenye juu na chini, kwa sababu hujui kipande kitakuja kulala upande gani.

Nikaingia mjini. Muuza vitambaa wa kwanza akanipokea vizuri.

"Rangi nne? Hiyo sare ya harusi au ya kwaya?"

"Ni mfarishi."

"Wa namna gani?"

"Sijui. Bado sijaambiwa."

Akamwita mwenzake aje kunihudumia, yeye akaenda kukunja vitenge ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa.

Watu wanadhani kuchagua rangi ni kupenda. Hawajaolewa hao. Kijani na manjano zilikuwa zinapendeza pamoja, lakini hiyo ni Yanga, na mume wangu ni Simba wa kulia machozi. Isitoshe mpita njia angeuliza kampeni zimeanza lini. Nyekundu na nyeupe ni Simba, na shemeji yangu wa Dar ni Yanga, angesema mama yake amesajiliwa bila ridhaa ya familia. Samawati na nyeupe, sare ya shule. Zambarau nikaishika muda mrefu, ilikuwa imekoza kweli kweli, lakini mama mkwe ni mtu wa jumuiya, kwake zambarau ni Kwaresima. Nyeusi sikuigusa. Mkwe umpelekee mzee nyeusi halafu apate mafua?

Kitenge nacho kilinishinda. Vitenge vizuri vina michoro mikubwa, na vipande vyetu vilikuwa vya inchi mbili na nusu upana. Unakata, unabaki na jicho la ndege, ndege mwenyewe hayupo.

Ndipo nikafika kwa mama wa kanga, nikaiona doti ya rangi ya damu ya mzee. Imekoza, ina viua vidogo vidogo, ukifumba macho nusu inakuwa kitu kimoja. Pembeni yake doti nyingine, rangi ya chungwa lililopoa, ya wastani kabisa. B na C zimepatikana! Mama wa kanga akaitandaza ile ya kwanza mapajani, akaanza kunisomea jina lake, kama ilivyo desturi. Nikamkatisha.

"Mama, usijisumbue. Mimi nataka rangi tu."

Akafunga mdomo. Akanifungia doti zangu, na chenji akanipa bila kuniangalia.

Na msiniambie habari ya juu na chini. Kanga inajifungwa huku, inajifungwa kule, inabebea mtoto, inafunika sufuria. Haina juu na chini kitu kile.

Nyumbani nikaziloweka na chumvi kwanza, maana damu ya mzee huwa inachuja. Ikachuja maji ya kwanza, ya pili, beseni likawa rangi ya juisi ya rozela. Nikasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Cha A nikachukua kitambaa cha marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, cha D mabaki ya kitambaa cha manjano cha sare ya harusi ya wifi. Kidogo tu, hakuna wa kusema Yanga.

Kukata sikutaabika. Pindo nikaliweka pembeni, nikaingia kwenye mji wa kanga, yaani katikati yake, utepe mmoja baada ya mwingine. Utepe wenye maandishi ulipofika nikawa makini zaidi, nikavizungusha vipimo ili nisikate herufi katikati. Neno lililokatwa tumbo linatia huruma. Kwa hiyo maneno yangu yote yalitoka mazima, na kwa kuwa doti ni kanga mbili, yalitoka mara mbili. Nikayatupia kwenye rundo la B na la C pamoja na maua.

Bahasha ya mwisho ilipofunguliwa, picha ikawa ni nyota kubwa, miali minane, na katikati yake mkanda uliolala kutoka kushoto kwenda kulia, B na C zikipokezana. Siku hiyo umeme ulikatika. Nilitandaza vipande sebuleni kwa taa ya simu, nikapanda kwenye kochi upande wa kichwani ili nione vizuri, nikafumba macho nusu kama tulivyofundishwa. Nyota ikasimama! Imekoza panapotakiwa, imepauka panapotakiwa. Nikapiga na picha nyeusi na nyeupe, nayo safi. Nilichokuwa nakiona kwa kichwa chini, macho nusu, gizani, ni rangi, na rangi zilikuwa zimekaa sawa. Hilo sitanyang'anywa na mtu.

Tabaka tatu pamoja ni nene, cherehani yangu ikagoma. Nikampelekea fundi mmoja wa barazani mjini, ndani nimeweka blanketi la zamani, nikamwambia apitishe uzi juu kwa juu, urembo wowote anaoujua. Nikauchukua jioni ya tarehe 24 umeshakunjwa, mji umefurika watu wa Dar, nikaukimbiza kwenye gari.

Wanaoijua Krismasi ya Uchagani wanajua hakuna nafasi ya kufanya jambo kwa siri. Uwanja ulijaa magari. Mbege ipo, machalari jikoni, mbuzi anageuzwa. Wakwe zangu wote, wajomba, mashangazi, mpaka katekista alipita kusalimia akakalishwa. Baada ya chakula mume wangu akagonga glasi akatangaza kwamba mke wake amemshonea mama kitu kwa mikono yake. Mashemeji wawili wakaushika mfarishi kwenye ncha, wakausimamisha kwenye mwanga wa mlangoni. Vigelegele! Mama mkwe akaweka mkono kifuani. "Aika, mwanangu. Nyota hii yote ni yangu?"

Mtoto wa wifi alikuwa darasa la pili, wakati ule ambao mtoto akijua kusoma anasoma kila kitu, mpaka mfuko wa saruji. Akasogea, akaweka kidole kwenye mkanda wa katikati. Mwalimu wake wa kusoma angelia kwa furaha.

"Na-o-go-pa."

Watu wakacheka, ameweza huyo.

"Ma-ma."

Wakaendelea kucheka, lakini wachache.

"Na me-no. Ya-ke."

Akarudi mwanzo, akalisoma lote kwa mkupuo, kama walivyofundishwa: "Naogopa mama na meno yake."

Mbuzi akasikika akichuruza mafuta kwenye moto. Yule mtoto akageuka, akamtazama bibi yake kwa macho ya mtu aliyepata mwenzake, akasema, "Hata mimi, bibi. Yale ya kwenye glasi."

Nikasogea karibu, macho mazima safari hii. Damu ya mzee ilikuwa ile kanga inayosema "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Ya chungwa ilikuwa "Mama nipe radhi, kuishi na watu kazi". Simba wa ile ya kwanza alikuwa kichwa chini kule pembeni ya mto wa kulalia. Mama wa ile ya pili ndiye aliyepewa nafasi ya simba. Miguuni kulikuwa na KAZI, na ubavuni, wima, RADHI, ambayo nilikuwa naihitaji pale pale. Na kila herufi ya ule mkanda ilikuwa imezungushiwa uzi wa manjano, kwa utaratibu mkubwa, ili isipotee.

Mume wangu akakumbuka kwamba hajamwangalia mbuzi. Alimwangalia kwa nyuma ya migomba, na mabega yalikuwa yanatikisika. Shangazi mmoja akaanza kuulizia sale, lile jani ambalo kwetu ukimkosea mtu unamwendea nalo kuomba msamaha, na kijana akatumwa mpakani kulikata. Nami katika kubabaika nikaanza kueleza kwamba kanga zenyewe asili yake ni viraka, kwamba wanawake wa pwani inasimuliwa walikuwa wanashona leso sita kuwa vazi moja, mwishoni mwa karne ya 19, na leso zile… Katekista tu ndiye aliyekuwa ananisikiliza, kwa adabu.

Mama mkwe akaomba miwani. Akainuka, akafika kwenye mfarishi, akapita na kidole neno kwa neno. Akatulia kwenye MENO. Halafu nikasikia kitu kinamtoka, nikadhani ni kilio, kumbe ni kicheko, kikamzidi nguvu mpaka meno ya juu yakateleza, akayadaka kwa kiganja. "Muwe mnaogopa!" akasema bila meno, na uwanja mzima ukaanguka. Mfarishi ukapelekwa kitandani hapo hapo, maandishi juu.

Mwezi wa kwanza nilimfuata fundi barazani kwake. Hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Niliyasoma, dada. Nikajua ni ujumbe. Mambo ya mtu na mkwe wake fundi haingilii, nikakusaidia tu yaonekane."

Sasa tatizo nililonalo ni jingine. Wiki iliyopita dereva wa daladala ya Kibosho alinipigia nikachukue mzigo stendi. Ndani ya kiroba cha unga kulikuwa na doti tatu mpya: nyekundu ya nyanya, kijani cha mgomba, na zambarau. Mama mkwe ana jirani ambaye kila mwaka masale ya mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, yanahama kidogo kuelekea kwake, na anataka jirani huyo apate mfarishi wa Pasaka. Kanga amezichagua mwenyewe, kwa maneno yake, na karatasi ameweka inayoonyesha neno gani likae wapi.

Nikazipiga picha isiyo na rangi. Kijivu kimoja, zote tatu. Nikampigia kumweleza kwa heshima kwamba kwa rangi hizi nyota haitaonekana.

"Nyota ya nini, mwanangu?" akasema. "Mimi nataka asome."