Mia Nne ya Nchi Gani?

Jumapili yangu nilikuwa nimeipangia usingizi, jamani. Saa nne asubuhi nasikia gari linaingia uani kwa baba hapa Himo, upande wa Tanzania, namba za Kenya, wanateremka wakwe kutoka Taveta. Suti kwenye jua lile. Kuku hawakuleta, na mkwe asiyekuja na kuku amekuja na daftari.

Na daftari lilikuwepo. Marehemu babu alimwoa bibi mwaka 1970. Ukiacha mbuzi na pombe, mahari ya fedha ilikuwa shilingi mia sita. Akatoa mia mbili, mia nne akaomba muda, na muda wa mahari mnaujua. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na nasikia babu aliipokea habari ile kwa masikitiko makubwa huku akiongeza mbege. Mpaka ulipofunguliwa 1983, akawa kama hajasikia.

Msemaji wao ni mdogo wake bibi, mzee wa fimbo na koti la sufu. Akakohoa. "Hatukuja kwa shari. Tumekuja kwa mia nne yetu."

Moyo ukatulia. Mimi nina fremu pale stendi, nauza chaja na kava za simu, na mia nne ya siku hizi hata chapati hupewi. Nikatoa sarafu mbili za mia mbili, nikaziweka kwenye kisahani, nikakisogeza kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa.

Mzee akazitazama bila kuzigusa. "Mjukuu wangu, hizo ni za kwenu. Mimi nataka za kwetu."

"Babu, shilingi si shilingi?"

Hapo baba akavua miwani. Ukimwona baba amevua miwani jua unakwenda darasani. Akaeleza kwamba zamani huku na huko ilikuwa shilingi moja, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kila nchi ikafungua benki kuu yake na kutoa noti zake, lakini ya Nairobi na ya Dar zikaendelea kulingana, dola moja kwa 7.14 pande zote mbili. "Kwa hiyo mwaka 1970," akamaliza kwa sauti ya hakimu, "mia nne ilikuwa mia nne. Makubaliano hayakutaja nchi."

"Makubaliano yalifanyika Taveta," akajibu mzee, "na pombe iliyonywewa ilikuwa ya Taveta."

Hoja nzito hiyo. Nikaona tusivunje undugu. Kwa vijana wa chenji pale mpakani Holili, shilingi moja ya Kenya inakwenda kumi na tisa yetu. Mia nne inakuwa elfu saba na mia sita. Nikatoa msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi, nikamwambia mzee chenji abaki nayo, anunue sukari. Moyo mweupe kabisa!

Ndipo kikainuka kijukuu chao cha miwani, kinasoma uhasibu Nairobi. Kikafungua simu. "Shilingi zote mbili zimeanguka," kikasema, "kwa hiyo tusimpunje babu. Tuhesabu kwa dola." Mia nne gawanya kwa 7.14, dola hamsini na sita. Kwa bei ya sasa, laki moja na arobaini elfu.

Baba akaomba maji.

"Dola imeingiaje humu?" nikauliza. "Babu alioa Mmarekani?"

Kijukuu kikasimama wima kutufundisha. Eti 1984 serikali yetu iliishusha shilingi mpaka 17 kwa dola, na mwisho wa 1986 ilishapita 50. Eti ya kwao nayo ilipoachiwa soko mwaka 1993, dola ikapanda karibu mara mbili. Kila mwaka kinaotaja, deni linanenepa. Na mbona hawakuja Januari 2024, dola ilipofika 160 kwao, na Kenya moja ikawa haifikishi hata kumi na sita yetu? Ningemaliza kwa elfu sita na kitu. Lakini mkwe hatoki kwake hela yake ikiwa mgonjwa!

Nikasimama na mimi, heshima pembeni. "Nani aliiangusha hii shilingi? Mimi? 1984 nilikuwa nanyonya! Waliofunga mpaka hawapo, walioshusha shilingi wanakula pensheni, aliyeoa amelala kaburini kwa raha zake, mwenye kisahani ni mimi!"

Bibi akajibu kutoka pembeni, bila kuacha kuchambua mchele: "Mlipeni ndugu yangu. Nimechoka kukaa humu kwa mkopo."

Utamjibu nini? Tukakubaliana elfu hamsini, nusu leo, nusu tukijaliwa, yaani mtindo uleule wa marehemu. Kijukuu kikaandika salio kwenye daftari. Nikachungulia: "Dola 10."

Chai wakanywa, maandazi wakamaliza. Dereva wao akaninunulia chaja kwa sarafu za Kenya, ambazo vijana wa chenji hawazigusi, wanataka noti.

Jumatatu nafungua fremu, mwenye fremu huyu hapa. Tangu kanuni za Machi 2025 zikataze bei za fedha za kigeni, huyu bwana hataji dola tena, raia mwema. Anasema "ile ile." Kodi ni ile ile, kaka, ila nimeangalia asubuhi imepanda kidogo. Imepanda nini, hasemi. Kuna mwezi shilingi yetu ilipata nguvu, nikampigia mwenyewe kwa furaha kumuuliza ile ile imeshuka ngapi. Simu haipatikani. Nikamfuata nyumbani, mkewe akasema amesafiri, huku gari lake liko uani, injini bado ya moto.