Pangaboi la Kusukumwa kwa Ufagio

Umeme umerudi. Watoto wa mtaa mzima wameshangilia, "eeeeh!", na kama kawaida kuna kitu kimekufa. Taa imewaka, friji imeguna, chaja imenyamaza milele, na pangaboi la sebuleni linanguruma nnnnnng huku mabawa yametulia tuli kama wazee wa baraza wanaosikiliza shauri. Saa tano ya usiku, Dar, mwezi wa pili. Joto sina haja ya kulieleza.

Basi anatafutwa mwenye mkono mrefu. Anapewa ufagio, anapanda kwenye stuli, anasukuma bawa. Linaanza. Kwa kujivuta, lakini linaanza, na watu wanakaa kwa heshima zao. Dakika tano baadaye mtu anagundua jasho halikauki hata chembe, ila utando wa buibui kule darini unapepea vizuri sana. Limesukumwa kinyume. Pangaboi lililofiwa na kapasita, kile kidude cha kulianzisha, halina msimamo: ukilisukuma kulia linakwenda kulia, ukilisukuma kushoto linakwenda kushoto, na likienda kinyume upepo unapanda juu. Yuniti za LUKU zinateketea tukipoza bati.

Na ubaya wenyewe ni kwamba kilichokufa ni kidude kidogo kuliko kiberiti. Mota ya pangaboi ina misuko miwili ya waya, mmoja wa kazi na mmoja wa kuanzia. Umeme wa fezi moja, huu wa nyumbani, peke yake haujui upande wa kuzungushia, unavuta huku, unavuta kule, ndiyo huo mngurumo. Kazi ya kapasita ni kuufanya umeme wa msuko wa kuanzia usiende sambamba na wa mwenzake, mota ipate kujua kulia ni wapi. Ndani yake mna utando wa plastiki uliopakwa madini membamba mno. Umeme ukirudi kwa kishindo unatoboa kitundu kwenye ule utando, madini ya pembeni yanayeyuka yakawa moshi, na tundu linajiziba lenyewe. Yaani kapasita inajiponya. Lakini kila ikipona imepungua. Ilizaliwa maikrofaradi 2.5, ndicho kipimo cha umeme inaoweza kushika, baada ya misimu ya mgao imebaki 1.8, na pangaboi linazunguka kivivu, watu wanalaumu beringi na kulitia mafuta ya kupikia. Ikishuka zaidi ya hapo, ndiyo ufagio. Imepona, imepona, mpaka imekufa.

Kabla hujafunga safari ya dukani, pima kwa mkono, swichi ikiwa imezimwa. Likizunguka laini, na ukiwasha linanguruma bila kuondoka, ni kapasita. Likiwa gumu, hapo ndipo ulaumu beringi. Lisiponguruma kabisa, iache kapasita ya watu, angalia swichi, regyuleta, au waya uliokatika.

Sasa nenda dukani uone.

Umeichomoa, umeifunga kwenye kipande cha gazeti kama dawa ya kienyeji, umepanda daladala mpaka Kariakoo. Umechomekea shati, maana mtu anayekwenda kuagiza kifaa kwa namba zake haendi na kandambili. Dukani kuna rimoti zilizoning'inia kama samaki wa kukausha, na kijana mwenye simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naomba kapasita ya pangaboi, mbili nukta tano, volti mia nne na hamsini."

"Ya feni?"

"Ya feni."

"Ipo. Buku tatu."

Anarusha kiboksi cheusi juu ya kaunta. Unavaa miwani. CBB61, aina yake, sawa. 450VAC, sawa. 50/60Hz, sawa. 4.5µF, yaani maikrofaradi nne na nusu. Hapana.

"Kijana, hii ni nne na nusu."

"Ndiyo mzee, hiyo kubwa."

"Mimi nataka mbili na nusu."

"Mzee, nakupa kubwa kwa bei ya ndogo, unakataa?"

Hapo ndipo heshima ya mtu mzima inapoanza kulegea vifungo. Unaeleza kwa upole. Kwamba msuko wa kuanzia umesukwa kwa waya mwembamba, na kapasita kubwa inaupitishia umeme mwingi kuliko uliokadiriwa. Kwamba siku za mwanzo pangaboi litachangamka, watu watasifia, kisha mota itapata moto, vanishi ya waya itaanza kunuka kama sukari inayoungua, na utalibeba kwenda kulisuka upya kwa hela ambayo ukiongeza kidogo unapata jipya. Kijana anasikiliza macho yakiwa kwenye simu.

"Kwani mzee wewe ni fundi?"

"Siyo fundi."

"Basi mafundi wote wanachukua hiyo."

Kwenye kreti la soda pembeni kuna bwana amekaa. Kila duka la spea lina bwana wa kwenye kreti, hajulikani kama ni mteja, mwenye duka au dalali. Naye anachangia.

"Mpe zile za redio, za mkebe. Mbili nukta mbili zipo, hazipishani sana."

Unageuka shingo nzima. Za mkebe! Kapasita ya mkebe ina upande wa chanya na upande wa hasi, na umeme wa nyumbani unageuka huku na huku mara 50 kwa sekunde. Ukiifunga humo itachemka, itavimba kichwa, itapasuka, na zile karatasi zake za ndani zitaruka sebule nzima kama harusini. Bwana wa kwenye kreti anatikisa kichwa kwa huruma, siyo ya kapasita, ya wewe. "Haya mzee, tafuta hiyo yako."

Kijana anainama chini ya kaunta. Anatoa boksi, anapuliza vumbi, vumbi lote linahamia kwenye shati la kuchomekea. Na kweli humo imo, 2.5. Karibu uimbe. Unajikaza.

"Ipime."

"Mita kaazima jirani."

"Sasa nitajuaje ni nzima?"

"Ngoja."

Anachuna ncha za nyaya kwa meno. Kwa meno! Anazichomeka kwenye soketi ya ukutani, mkono mmoja, simu mkono wa pili. Anazichomoa, anazigusanisha. Kimya.

"Hii mbovu," anasema, na tayari anaitupa kwenye boksi la wafu.

"Usitupe!"

Duka zima limegeuka. Sasa inabidi ueleze, na hakuna aliyekuomba. Kwamba wimbi la umeme hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwamba kapasita hubaki na kile kilichokuwepo sekunde ileile ilipochomolewa, na ukiichomoa wimbi likiwa sifuri inatoka mikono mitupu hata kama ni nzima kama kengele. Mama aliyekuja kununua rimoti anakutazama kama anayetafuta namba ya ndugu zako.

"Rudia," unasema.

Anarudia. Paaa! Cheche ya buluu, bwana kaangusha kreti, mama kamtaja Mungu, kijana kashtuka mpaka simu imedondoka. Anainua kapasita juu kama kombe. "Mzima huu!"

Mzima, ndiyo. Cheche inasema kapasita inashika umeme. Haisemi inashika kiasi gani. Hata iliyobaki na maikrofaradi moja inapiga cheche ya kumkimbiza paka, tena mchezo wenyewe unaua watu. Mita yenye kipimo cha kapasita ingesema neno moja tu, 2.4 au 2.6, nasi tungerudi nyumbani. Kwenye ubavu wa kapasita imeandikwa ±5%, asilimia tano ya 2.5 ni chini ya 0.13. Haya yote unayajua. Lakini shati limelowa, miguu inauma.

"Haya, shika buku tatu."

"Tano, mzee."

"Si ulisema tatu?"

"Tatu ile kubwa. Hii ndogo ni orijino."

Na risiti imegongwa muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kuifunga hakuna siri, ila kuna kaburi. Zima brekeri kuu, usiiamini swichi ya ukutani, maana kuna nyumba ambazo fundi alikatia swichi kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme, na fezi, waya wenye moto, inaendelea kukusubiri juu kwa uvumilivu wote. Shusha kile kikombe cha darini. Kabla hujashika nyaya za kapasita ya zamani, gusanisha ncha zake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Nyaya mbili hazina upande, funga yoyote kokote. Zikiwa tatu au nne, humo ndani mna kapasita zaidi ya moja, kwa hiyo chora kwanza rangi gani ilikwenda wapi, usijitie kukumbuka. Tumia konekta ya kubana kwa skrubu. Soltepu peke yake kwenye joto la dari inatoa gundi, inajikunjua, na mwezi wa tatu uko juu ya stuli tena.

Na hapo ni pangaboi tu. Taa za LED nazo? Boksi limeandikwa saa 25,000. Ukiwasha kwa muda wa saa sita kila usiku ni miaka 11 na ushee, mtoto anaanza darasa la kwanza mpaka anamaliza kidato cha nne. Zetu zinakufa kabla ya kodi ya miezi sita kuisha. Vua ile kofia ya plastiki utaona vidoa vya njano vimepangwa, na kimoja kina nukta nyeusi kama kichwa cha sisimizi. Basi. Wamefungwa mstari mmoja wameshikana mikono, akianguka mmoja umeme haupiti kwa yeyote. Mafundi wanaziba lile pengo kwa risasi ya kulehemu, taa inawaka, waliobaki wanabebeshwa mzigo wa marehemu, na wiki ijayo kuna marehemu wa pili.

TV ikitoa sauti bila picha, mulika kioo kwa tochi kwa pembeni. Ukiona watu wanatembea gizani, bodi ni nzima, taa za nyuma ndizo zimekufa. Usikubali kuuziwa bodi.

Halafu kuna fyuzi ya karatasi ya sigara. Hii nayo itatumaliza. Ndani ya TV, pale umeme unapoingilia, kuna fyuzi ya kioo, mara nyingi 3.15A, na karibu yake kuna kidude cha buluu cha duara kama kidonge, kimeandikwa 10D471 au 14D471. Huyo ni mlinzi. Umeme ukizidi anajitupa mbele, anapiga shoti kwa makusudi, fyuzi inakatika, TV inasalimika. Amekufa shahidi. Sasa anakuja fundi wa mtaani, anamkata shahidi kwa koleo, anamtupa, halafu kwenye fyuzi anakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. TV inawaka! Fundi anasifiwa, analetewa maji ya baridi. Mlinzi hayupo, komeo halipo, na umeme utarudi kwa kishindo Alhamisi. Fyuzi ikiwa imekatika uzi tu na kioo ni safi, huenda ilichoka. Ikiwa kioo kimepakwa moshi na fedha kwa ndani, kuna shoti, na ukiweka nyingine bila kutafuta unaichoma na hiyo. Fundi wa kweli anaunga globu ya zamani, ya uzi, ya wati 100 kwenye njia ya umeme kabla ya kuwasha: ikimulika kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo, ikimulika kidogo na kufifia, endelea.

Friji ikizimika, iache dakika tano kabla ya kuirudishia umeme, kompresa haipendi kuamshwa ikiwa imebeba presha. Na siku nyutro ikikatika huko kwenye nguzo, taa za kwako zinang'aa kama Idi na za jirani zimekuwa nyekundu kama makaa, usitoke nje kushangaa na kuita watu. Kimbia kwenye brekeri. Volti 230 zako zinaelekea 400, na kila sekunde ya kushangaa ni kifaa kimoja.

Tukishamaliza kulaumu umeme, tuje na kwenye kitambaa. Kile cha kufuma, cheupe, chenye ua katikati, kilichofunika king'amuzi, stabilaiza na redio, halafu juu yake pakawekwa kikapu cha maua ya plastiki. Matundu ya hewa yote yamevalishwa. Kapasita za mkebe zilizomo ndani zimeandikwa 105°C, na hesabu ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 unazoongeza unakata umri wake nusu. Zinavimba vichwa humo chini ya ua. Lakini jaribu kukitoa. "Hicho kafuma shangazi." Shangazi wa Tanga, kafuma kwa mkono miezi mitatu, akija asipokikuta atasemaje? King'amuzi ni cha pili hiki. Stabilaiza imeanza kunuka. Shangazi kasema atakuja Pasaka. Pasaka ipi, hakusema.