Kamera Ndani ya Gunia la Makonyo

Ami yangu wa Pemba, aliyekuwa walii wa bibi harusi niliyekwenda kumpiga picha huko Wete, anashikilia kwamba mwizi wa garini hana haja ya kujua kilichomo, yeye huiba begi. Niliposhuka bandarini Mkoani na begi jeusi la kamera, lenye mikanda tele na jina la kampuni kwa herufi nyeupe, aliliangalia akaguna: "Mwanangu, hili linajitangaza lenyewe."

Nje ya mji, chini ya mwembe, kwa sababu anayefungua buti mbele ya mkahawa huwa ameshawaonyesha wezi pa kutafuta (na hapo nakubaliana naye), alizifunga kamera na lenzi kwa kanga za mkewe, akazizamisha katika gunia la makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Begi akaliweka kiti cha mbele, limefungwa zipu na limetuna vizuri.

Chake Chake tuliingia kula. Tuliporudi, kioo kilikuwa kimeshushwa, begi halipo, gunia lipo. Ami alicheka hadi akaegemea boneti. "Kaiba hewa, yakhe! Kaiba hewa!" Akaendelea kucheka njia nzima, mpaka tukasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani.

Sasa, karafuu za Zanzibar mnunuzi wake ni mmoja, Shirika la Taifa la Biashara, na magendo ya kuzivusha kwenda Kenya ni kesi nzito, kwa hiyo askari anayenusa harufu ile garini baada ya magharibi haulizi habari za harusi. Alileta bambo, kile chuma cha mfereji kinachochomwa guniani kutoa sampuli, akakidunga. Kiliingia taratibu, kisha kikalia ko! Mlio ule niliusikia kwenye magego.

"Mzee wangu, makonyo yako yana mifupa?"

Gunia lilimwagwa barabarani. Lenzi ndefu ilitoka imevikwa kanga, haina hata mkwaruzo, maana bambo lilikuwa limegonga kofia yake ya plastiki. Nilimwonyesha askari picha za harusi nyingine kwenye kioo cha kamera, naye akaridhika, akabakisha neno moja tu: "Leseni."

Ami alipapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali, kicheko kikamkauka. Leseni ilikuwa katika mfuko wa kanzu yake mpya, na kanzu hiyo, pamoja na joho na kofia ya viua, ndiyo aliyolijazia begi ili litune.

Baada ya kusemwa sana tuliachiwa, na ami akaozesha kwa kanzu ya kuazima iliyomkomea kwenye ugoko. Ameniagiza picha zile nisizitie mtandaoni, kwa kuwa mwizi wa Chake naye ana simu, na zamu ya kucheka itakuwa yake.