Ulikuwa Mguu Mmoja Tu wa Pajama

Najua mmeshaisikia habari ya siku niliyorudishia ekzosi za pikipiki. Yule jamaa aliyenishikia tochi, siri haimkai hata umbane mdomo kwa klampu. Ila ametia chumvi: eti nimeivalisha pikipiki pajama nzima. Uongo mtupu. Ulikuwa mguu mmoja.

Kipikipiki chenyewe mnakijua, kile cha 1972, silinda mbili, ekzosi mbili za kromu, kila moja imeshikwa kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, kwa flanji (bamba la kubania) yenye stadi, zile boliti zisizo na kichwa, mbili za milimita 6. Na mnanijua mimi na maneno yangu. Gasketi kuukuu za shaba, zile pete za kuziba uvujaji kati ya paipu na hedi, nilizitoa zote, tena nikampa jamaa somo zima akiwa amesimama pale na tochi. Gasketi hizo zikikaa miaka mingi hupondeka, zikajaa masizi mpaka ukaziona kama sehemu ya hedi yenyewe. Wengi huweka mpya juu ya kuukuu, flanji inakaa juujuu, hewa inapenya, halafu wanashangaa pikipiki inapiga risasi kila wakiachia gesi. Mimi nikazichokonoa taratibu kwa chuma chembamba nilichokunja ncha, nisije nikakwaruza aluminiamu. Mpya nikazigandisha kwa grisi kidogo zisidondoke wakati napandisha paipu.

Fundi kabisa. Endeleeni kusoma.

Sailensa ya kushoto, lile bomba la nyuma la kupunguza kelele, nilikuwa nimeing'arisha siku moja kabla, kwa gurudumu la kitambaa. Ili vumbi la dawa ya kung'arishia lisiingie ndani, nikauziba mdomo wake wa mbele kwa tambara. Tambara lilitoka kwenye pajama langu la zamani, lile la tembo. (Ndiyo, tembo wadogo wa bluu. Wameshika maua. Tuendelee.)

Kesho yake paipu ya kushoto iligoma kuingia kwenye sailensa. Inatakiwa izame kama sentimita 5, nayo ikaishia njiani. Nikaizungusha huku nasukuma, ikakubali shingo upande. Na hapa ndipo nilipotamka maneno ambayo jamaa anayarudia kila mahali: "Unaona ilivyobana? Hii ndiyo kazi ya zamani, haivuji hata pumzi." Kumbe nilikuwa nawasindikiza tembo ndani.

Ufungaji wenyewe sina aibu nao. Kila kitu kinaingia kwa vidole kwanza, hakuna kukaza. Halafu nati za flanji, robo mzunguko huku, robo kule, flanji ishuke sawasawa. Ndipo boliti ya kushikilia sailensa kwenye fremu, na klampu ya kubana sailensa kwenye paipu mwisho kabisa. Ukianza na fremu, unaivuta paipu pembeni, gasketi inalala upande mmoja, na kishikio kitakuja kukatika kwa mtetemo. Nikamaliza kwa kufuta kromu yote kwa asetoni, kwa sababu alama ya kidole chenye mafuta ikipata moto wa kwanza huungulia pale pale na haitoki. Hilo la kidole nalo liwekeni akiba.

Nikapiga kiki. Ikawaka, lakini kwa upande mmoja. Nikadondosha maji kwenye paipu: ya kulia yakachemka yakaruka, ya kushoto yakatiririka kwa raha zake. Nikabadilishana plagi, kushoto bado. Nikabadilishana waya za koili, kushoto bado. Nikafungua kabureta, safi kama sahani ya mgeni. Jamaa akasema kwa upole, "Kaka, mbona huku nyuma hakutoki hata upepo?" Nikamwambia asinichanganye.

Maana masikio yangu yalishapata jibu: pale kwenye flanji palikuwa panatema, *pfu, pfu, pfu*. Gasketi inavuja! Sikujiuliza kwa nini hewa ichague njia ya mbele wakati nyuma kuna mlango mpana. Nikashika spana.

Makosa yangu nawahesabia wenyewe. Injini ilikuwa ya moto, wakati nati hizi hukazwa tena ikishapoa. Mkazo ni kama Nm 10 tu (Nm ni nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa stadi ya milimita 6, lakini spana ya kupimia mkazo haikuingia kati ya mapezi ya kupozea hedi, nikatumia ya kawaida na hisia za mkono. Tena nyuzi nilizipaka grisi ya shaba, na uzi wenye grisi huteleza, kwa hiyo nguvu ile ile ya mkono inaivuta stadi zaidi. Stadi yenyewe ni ya 1972.

Robo mzunguko. *Pfu*. Robo nyingine. *Pfu*. Ya tatu ikaja laini, laini mno, kama unakaza nati kwenye siagi. Nikajua. Mkono ulijua kabla yangu. *Tak.*

Kimya. Nati imebaki ndani ya spana, na ndani ya nati kuna kipande cha stadi kinang'aa pale kilipokatika.

Jamaa hakusema kitu. Alizunguka nyuma, akalegeza klampu, akatoa boliti, akaichomoa sailensa, akamulika ndani. Akamulika tena. Kisha akaingiza koleo la mdomo mrefu, akabana, akaanza kuvuta. Polepole, jamani. Mtu huyu angeweza kuvuta mara moja, lakini akavuta kama anayetoa funza. Kwanza ikaja ncha iliyoungua, nyeusi. Halafu kitambaa kilicholowa moshi na petroli. Halafu tembo. Tembo wa pili. Wa tatu, ua lake bado jipya kabisa. Upindo wa chini ukatoka na uzi wake unaning'inia. Akalikung'uta, akalipima kwenye mguu wake mwenyewe, akaniuliza, "Fundi, hili nalo lina Nm ngapi?"

Ningekuwa na Honda CB750 yenye ekzosi nne ningemaliza nguo zote za kulalia nyumbani.

Mengine ni mafupi. Kisiki cha stadi kilibaki nje milimita 4 hivi. Nikapuliza mafuta ya kulegeza kutu, fundi wa kuchomelea akakivisha nati na kuichomelea kwa ndani, ule moto ukakilegeza, kikatoka. Bila hivyo ningetoboa kwa drili ya milimita 5 na kupiga tapu, yaani kuchonga nyuzi upya. Stadi mpya, gasketi mpya, siku ya tatu pikipiki ikawaka pande zote mbili, na flanji haitemi.

Ila siku hiyo jamaa ndiye alinishikilia paipu wakati naanzisha nati, mikono yake imejaa grisi ya shaba, nami kwa haraka ya kufuta aibu nikasahau asetoni. Kwa hiyo kwenye kromu ya kushoto, katikati kabisa, kuna alama ya kidole gumba chake, ya kahawia, na mistari yake yote inasomeka. Mkikutana naye akaanza habari za tembo, mwambieni aonyeshe gumba.