Nne za Sofia

Nianze na viti, maana ndivyo vilivyonifungulia mlango wa aibu.

Nilikuwa sijamaliza wiki Sofia. Nimetumwa Bulgaria kuongoza timu ya watu kumi na mmoja: wenyeji wanane na Wagiriki watatu waliohamishwa kutoka Thessaloniki, kiasi cha kilomita 300 hivi kusini. Kana kwamba hilo halitoshi, ofisi nayo ilikuwa inahama jengo wiki hiyohiyo. Aliyepanga ratiba ile sijamjua hadi leo, na ni heri yake.

Basi asubuhi ya kuhama nimesimama mlangoni pa jengo jipya, orodha mkononi, najiona amiri jeshi. Mpagazi akashuka kwenye lori. Kiingereza hajui, Kibulgaria sijui, lakini vidole tunavyo. Nikamwonyesha picha ya kiti kwenye orodha, nikainua nyusi kumuuliza: vimekuja?

"Ne," akajibu.

Nikaandika: 4. Nikamwonyesha kabati. "Ne." Nikaandika: 4. Printa? "Ne." Hapo nilisita, maana tulikuwa na printa mbili tu maishani mwetu, ila nikasema moyoni labda wakubwa wametuongezea. Nikawapigia simu makao makuu kushukuru.

Kwa Kibulgaria, ne ni hapana. Lori lilikuwa limebeba meza tupu.

Na hizo meza nazo! Mpagazi akarudi na moja mgongoni, jasho linamtiririka, akaniuliza, "Masa?" Nikamnyooshea saa yangu ya mkononi aone mwenyewe: saa tatu na robo. Akaitazama. Akanitazama mimi. Akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayesema na mgonjwa: "Masa?" Nikamnyooshea tena, sasa ni na dakika kumi na sita. Masa, kumbe, ni meza. Maskini alitaka kujua aitue wapi.

Sasa msinione kwamba nilikwenda kichwa mchunga. Kabla ya kuondoka nilipitishwa kozi ya siku mbili ya tamaduni, ina kitabu na picha za rangi. Nilichoshika ni kimoja: Mbulgaria akitikisa kichwa huku na huku, amekubali, akikiinua au kukitikisa juu na chini, amekataa. Nilijifua mbele ya kioo wiki nzima hadi shingo ikauma. Hilo moja, niliapa, hawanipati.

Wakanipata kwenye lifti.

Siku moja kabla ya kuhama nilimwendea dada wa uhasibu, ndiye aliyeshughulikia jengo jipya. Simu ameibana baina ya sikio na bega, kalamu meno yameishika, mikono yote miwili inapekua faili. Nikamuuliza kwa sauti ya chini: lifti ya kule inafanya kazi? Akainamisha kichwa, akainua, akainamisha tena. Taratibu kabisa, macho yamenikazia, kuhakikisha nimeona.

Nimeona. Mbulgaria, juu na chini: hapana. Nikajipongeza kwa kuelewa bila tafsiri, nikaenda kukodi wapagazi sita wa ziada.

Ofisi mpya iko ghorofa ya sita. Meza zilipanda kwa ngazi, moja baada ya nyingine, nami nimetangulia mbele natia moyo. Ghorofa ya nne tukapumzika, tumejipanga ukutani kama mateka. Hapo mlango wa lifti ukafunguka, ting, akatoka mzee mmoja na mbwa wake. Akatuamkia. Mbwa akatuamkia. Mlango ukajifunga.

Nilimkuta dada wa uhasibu juu, ameshafika zamani, kwa lifti. Nikamuuliza, mbona uliniambia haifanyi kazi? Akashangaa. Kumbe siku niliyoripoti walikaa kikao bila mimi, wakakubaliana wote kwamba mgeni asipate taabu, watamwitikia kwa kichwa kwa mtindo wa kwake. Wao wamegeuza kwa ajili yangu, mimi nimegeuza kwa ajili yao. Na si wote waliokumbuka makubaliano, wala si kila siku, kwa hiyo hata ukijua siri haikufai kitu.

Nikajifariji kwamba angalau neno moja sasa ninalo barabara. Ne, hapana. Limeniingia kwa meza kumi na nane.

Alasiri nikampigia msaidizi wangu, mmoja wa wale Wagiriki, aliyekuwa anasubiri gari lenye seva zetu kutoka Thessaloniki. Nilimsikia anahema, inaonekana anabeba kitu, na mtu akichoka hurudi kwenye lugha ya mama yake.

"Seva zimefika?"

"Ne, ne!"

Ne mbili! Hapana ya kukazia. Nikangoja nusu saa, nikapiga tena. "Ne, ne, ne!" Tatu. Miguu ikaisha nguvu. Hata mpaka wa Bulgaria na Ugiriki haukunisaidia: tangu Januari 2025 ukaguzi wa kawaida wa pasi kule Kulata umeondolewa, magari yanapita tu, hakuna ofisa wa kumuuliza. Nikawaandikia makao makuu kwamba seva zimepotea njiani. Nikawaandikia watu wa bima. Polisi nilikuwa bado nawatafutia namba pale msaidizi wangu alipoingia na seva ya mwisho kwenye toroli.

Kwa Kigiriki, ne ni ndiyo.

Nikamuuliza, basi nifute ripoti au kuna iliyobaki njiani? Akainua kidevu, akapandisha nyusi, akaniachia "tsk" ya ulimi. Yaani seva nimemtafutia mimi, na kunisonya anisonye mimi! Dada wa uhasibu akanivuta pembeni: hiyo ndiyo hapana yao. Hakuna iliyobaki.

Jioni nikaitisha kikao, watu wamekaa juu ya maboksi. Nikatoa kanuni: kuanzia leo vichwa vitulie, kila jibu kwa mdomo, kwa Kiingereza. Wote wakakubali. Kwa vichwa, kila mmoja na upande wake.

Nikaona wamechoka. Nikawageukia Wagiriki walioketi mbele, nikawanyooshea kiganja wazi, vidole vyote vimetanuka: "Dakika tano!"

Chumba kikanyamaza.

"Bosi," akaninong'oneza dada wa uhasibu, "shusha mkono." Kumbe kiganja cha namna ile, ukimwelekezea Mgiriki, ni tusi, lina na jina lake kabisa: moutza. Kitabuni lilikuwemo, ukurasa baada ya ule wa vichwa.

Nikababaika. Nikainua mikono yote miwili kuomba radhi, viganja mbele, vidole wazi: samahani, samahani sana jamani!

Msaidizi wangu akahesabu vidole pole pole, kushoto kisha kulia.

"Sasa ni kumi, bosi."