Furu si samaki wa chambo tu

Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha mambo ya uvuvi hapa Mwanza. Mzungumzaji mmoja akasema furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni wa chambo tu, na kwamba wote ni walewale. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilitoka pale nimekasirika, na mpaka leo hasira haijaniisha.

Walewale kwa nani? Nenda kisiwa cha Makobe siku ziwa limetulia, uchungulie kwenye mawe. Dume wa furu aitwaye Pundamilia nyererei, aliye tayari kuzaa, ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano na tumbo jeusi, na kwenye pezi la chini karibu na mkia ana vidoa vya njano vinavyofanana na mayai. Samaki mwenyewe anaenea kiganjani. Ukimtoa majini wekundu ule unafifia huku unamtazama, ndiyo maana aliyezoea kumwona ndani ya ndoo anadhani hana lolote. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ni wa bluu ya kijivu. Majike wao wamefifia na wanafanana mno.

Spishi hizi mbili zikipandana, watoto wao nao huzaa. Kinachozitenganisha kwa sehemu kubwa ni jicho la jike, anayemchagua dume kwa rangi yake. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao: chini ya taa ya rangi ya chungwa, inayoficha tofauti ya wekundu na bluu, majike waliacha kubagua. Na sisi tunaliwashia ziwa taa hiyo kila siku kwa udongo unaomomonyoka mashambani, kwa mbolea na kwa maji taka yanayolisha mwani, maana maji yaliyovurugika nayo huficha rangi. Huko Luanso, ndani kabisa ya Ghuba ya Mwanza ambako maji ni mazito, hupati tena wekundu huku na bluu kule. Wamechanganyikana. Spishi inakwisha bila hata samaki mmoja kuelea amekufa!

Najua mtanitajia sangara. Sawa, aliwamaliza furu wengi sana miaka ya 1980, na sawa, analisha familia nyingi; sitamwambia mvuvi atupe ndoano zake. Lakini sangara alipopungua, baadhi ya furu walirudi. Spishi mbili zikishayeyuka zikawa moja, nani atazirudisha?

Na huyu mwekundu, nyererei, amebeba jina la Mwalimu Nyerere. Alipewa mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka. Inaniuma kwamba mtoto anaweza kumaliza shule kandokando ya ziwa hili bila kuonyeshwa hata picha yake.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mito. Kikao kijacho nitauliza mbele ya watu wote: mabonde yanayolimwa hadi majini, na mitaro inayomwaga uchafu ziwani, ni lini sheria hiyo itaifikia?