Wingu linalobomolewa na wanawe

Kila Januari, giza likishatanda, hutoka uani na darubini yangu ndogo kuitafuta Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion. Chini ya nyota tatu za mshipi wake unaning'inia upanga, na katikati ya upanga pana doa la ukungu. Ukipata darubini yenye nguvu kidogo, ndani ya doa hilo utaona nyota nne zimesongamana. Hiyo ndiyo Nebula ya Jabari, wingu kubwa la gesi na vumbi, umbali wa miakanuru 1,300 hivi.

Watu wengi hupaita chumba cha uzazi cha nyota. Si uongo, lakini naona ni nusu ya habari. Pale tunatazama wingu linalobomolewa na watoto wake lenyewe.

Kubwa kati ya zile nne, Theta-1 Orionis C, ina uzito wa Jua zaidi ya mara 30, na uso wake una joto la karibu nyuzi 40,000. Mionzi yake ya urujuanimno huzing'oa elektroni kwenye atomi za hidrojeni. Gesi hupata joto la nyuzi 10,000 hivi, ikavimba na kutimka. Kisha kuna upepo wa nyota yenyewe, yaani chembe zinazotoka usoni pake kwa kasi. Mwaka 2019 watafiti waliotumia SOFIA, darubini iliyokuwa ikirushwa ndani ya ndege, walionyesha kwamba upepo huo unasukuma ganda la gesi linalotanuka kilomita 13 kwa sekunde. Hata visahani vya vumbi vya nyota ndogo za jirani, ambamo sayari zingeweza kuumbika, vinababuliwa. Kwenye picha za Hubble vina mikia kama viluwiluwi, imeipa mgongo nyota ile.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya gesi hufukuzwa kabla haijawa nyota. Mimi sioni hasara hapo. Mawingu yangegeuka nyota yote kwa mkupuo mmoja, Njia Nyeupe, galaksi yetu, ingeishiwa gesi zamani sana.

Sasa tazama Kilimia, fungunyota ambalo wakulima wetu walisomea misimu. Lina umri wa miaka milioni 100 hivi, na gesi iliyolizaa imekwisha tawanyika. Ule ukungu wa buluu kwenye picha zake, uliodhaniwa kuwa masalia ya uzazi, ni vumbi la njiani tu ambalo nyota hizo zinalipitia.

Nawaomba walimu wanaowatoa watoto nje usiku wawaonyeshe yote mawili, Jabari kwanza, kisha Kilimia, na wawaulize: wingu la hawa wa Kilimia limekwenda wapi?